Niliyoyaona Shule ya Juu na Shule ya Chini

Akheri, Jumapili alasiri

Mwanangu Eliamani,

Nimekaa jikoni na karatasi nimeiweka juu ya kinu nilichokipindua, kwa hiyo ukiona mistari inapanda na kushuka usidhani ni uzee. Mvua inanyesha, wewe umekwenda kumuaga bibi yako, na namjua mama yangu, hatakuachia kabla hajakulisha mara mbili. Nimepata nafasi. Barua hii nitaitia katikati ya shuka zako. Ifungue ukishafika chuoni, ukiwa peke yako.

Habari za sabuni, viatu, na namna ya kukunja blanketi sitaziandika. Baba yako ameanza kukueleza hayo tangu Alhamisi na bado hajafika kwenye viatu. Mimi nina jambo moja tu. Unakwenda kusomea ualimu, na mwalimu ni mtu wa kusemwa. Utasemwa na watu wasiowahi kukanyaga mlango wa darasa lako, na watasema kwa uhakika kabisa. Nayajua hayo kwa sababu na mimi nilikuwa mmoja wao, tena nilikuwa hodari.

Ulipokuwa mdogo kulikuwa na shule mbili hapa kwetu, na nyumba yetu ilikuwa katikati. Juu, karibu na kanisa, ilikuwa shule ya misheni, tukiiita Shule ya Juu. Ilikuwa na paa la bati, kengele halisi, na Mwalimu Yeremia, ambaye alivaa tai hata siku ya kuchimba choo. Chini, karibu na mfereji, ilikuwa shule ya serikali ya wenyeji. Hiyo ilikuwa ya udongo na nyasi, kengele yake rimu ya lori iliyotundikwa mtini, na mwalimu wake alikuwa Mwalimu Saidi, mtu wa Kondoa, Mwislamu, mwenye kanzu na koti kuukuu juu yake. Hiyo tuliiita Shule ya Chini, na tulipoitaja tulikuwa tunashusha na sauti.

Kaka yako Nderingo tulimpeleka Shule ya Juu. Ukiniuliza tulichunguza nini kwanza, nitakujibu: bati. Jua likipiga lile paa uliliona ukiwa mbali sana huko bondeni, na mimi nilijisemea moyoni kwamba shule inayong'aa hivyo haiwezi kukosa elimu. Baba yako alikuwa mzee wa kanisa, kwa hiyo yeye hakuhitaji hata bati.

Nderingo alisoma miaka miwili. Alirudi nyumbani akiimba sauti zote nne, ya kwanza asubuhi na besi jioni, ingawa alikuwa mtoto mwenye meno ya maziwa. Nilijivuna mpaka majirani wakachoka. Kisha siku moja mchungaji akatuma habari kwamba angepita kwetu kunywa chai, nami nikamchukua Nderingo tukashuka mjini Arusha, dukani kwa Bwana Kanji, kununua sukari. Bwana Kanji mwenyewe hakuwapo. Alikuwapo mama yake mzee, ambaye Kiswahili chake kilikuwa kidogo kuliko cha mbuzi wetu. Rafuni kulikuwa na madebe yaliyobandikwa karatasi zenye maandishi. Nikamwambia mwanangu asome, ili mama yule naye aone kwamba Wameru wamesoma. Nderingo akasimama wima, akaweka mikono nyuma, akalitazama debe moja, akasoma kwa sauti nzuri sana: "Sukari ya unga."

Nilipofika nyumbani nilionja. Haikuwa na utamu wowote. Nikadhani ndiyo sukari ya siku hizi, ya watu waliostaarabika, isiyo na pupa ya utamu. Eliamani, nilikuwa na ulimi wangu mwenyewe kinywani na niliuacha, nikamwamini mtoto kwa sababu ya bati. Mchungaji akaja, nikamtilia vijiko vingi kwa heshima yake. Chai ikaanza kuwa nzito. Akakoroga, akanywa, akanyamaza, akanywa tena, kisha akasema kwamba chai ya nyumba hii ina nguvu. Siku ya soko iliyofuata Bwana Kanji akanisomea karatasi ya lile debe: wanga wa nguo, ule wa kunyooshea kanzu na mashuka kabla ya pasi. Tulikuwa tumempiga wanga mtumishi wa Mungu kutoka ndani.

Habari hiyo ilienea Akheri yote kabla sijafika nyumbani. Na hapo ndipo nilipofanya kosa la pili, kubwa kuliko la kwanza. Niligeuka. Mimi niliyekuwa naisifu Shule ya Juu kwa sababu ya bati, nikaanza kuisema kwa sababu ya chai. Kila niliyekutana naye kwenye mfereji nilimwambia pale hakuna kitu. Sikuwa nimeingia ndani wakati wa kuisifu, na sikuwa nimeingia ndani wakati wa kuilaani.

Mwaka huo ndio uliokuwa wa wewe kuanza. Ikaja amri kutoka kwa Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, kwamba kila mzazi aandikishe mtoto wake shule moja mwanzo wa mwaka, na asimhamishe hamishe katikati, maana watu walikuwa wanahamisha watoto kila mwalimu alipopiga chafya. Mshili wetu, yaani mkuu wa ukoo, akaita mkutano kwenye nyasi za kanisa baada ya ibada ili watu washauriane. Nilikaa na wanawake nyuma nikasikiliza. Mmoja alisema Shule ya Chini watoto wanasilimishwa, kwa sababu binamu yake alimwona mtoto wa pale akinawa miguu. Mwingine akasema Shule ya Juu watoto wanazeeka wakiimba. Wa tatu akasema Mwalimu Saidi ni mtu mbaya kwa kuwa anakula peke yake, ingawa alikuwa mgeni asiye na mke huku na sote hatukuwahi kumkaribisha. Baba yako alisimama akasema Shule ya Juu ni nzuri kwa sababu ni ya kanisa, akaketi, kana kwamba amemaliza.

Nikainuka. Sikuwa nimepanga kuinuka. Nikauliza ni nani kati yao aliyewahi kuingia katika mojawapo ya shule hizo wakati watoto wanasoma. Mzee mmoja tu akajibu kwamba yeye aliwahi kuingia Shule ya Juu, akikimbia mvua. Mshili akamwuliza aliona nini.

"Haivuji," akasema yule mzee.

Basi wakacheka, na katika kucheka wakasema niende mimi, mwenye maswali. Niende shule zote mbili, nikae, nitazame, nije niwaeleze. Nadhani walitaka kunikomesha. Baba yako hakuzungumza nami njia nzima ya kurudi nyumbani, lakini jioni akaniambia kwamba kama ni lazima niende, basi nivae kanga mpya.

Nilikuchukua wewe tukaenda wote. Hukumbuki, ulikuwa mdogo, na sehemu kubwa ya siku ya kwanza ulilala kwenye paja langu.

Shule ya Juu walikuwa wametusubiri. Mwalimu Yeremia alikuwa amefagia mpaka barabara. Watoto wamepakwa mafuta, wanang'aa kama lile paa. Akatangaza kwamba watasoma kitabu mbele ya mgeni. Akamwita Tumaini, akasimama msichana, akasoma vizuri ajabu, bila kukwama. Akamwita Ruti. Akasimama msichana yule yule, akasoma tena vizuri. Akamwita Eliada. Nikaona anasimama wa tatu, naye ni yule yule. Mwanangu, msichana huyo alikuwa Anasia, mtoto wa dada yangu, ambaye nilimpokea kwa mikono yangu siku aliyozaliwa. Nilinyamaza. Wakati wa mapumziko nikamwuliza mbona ana majina mengi siku hiyo. Akanijibu kwa adabu kwamba mwalimu alisema wageni huchoka wakisikia watu wanaosoma polepole.

Zikaja hesabu. Mwalimu Yeremia akaandika ubaoni hesabu ya kugawanya, akaanza kuishusha. Akashusha, akafuta, akashusha tena. Ikafika mahali ikamkataa kabisa. Akaitazama, nayo ikamtazama. Kisha akageuka akasema, "Tusali," na kipindi kikafungwa kwa sala.

Kama ningeondoka hapo ningekuwa na hadithi tamu ya kuwaambia watu, na ingekuwa kweli tupu, na bado ningekuwa nimewadanganya. Nilirudi siku ya pili bila kusema kwamba narudi. Watoto hawakuwa wamepakwa mafuta. Ilikuwa zamu ya kusoma ya mtoto wa Ndelilio, yule jirani wetu wa upande wa msitu. Mtoto huyo alikuwa na kigugumizi kizito, na hata nyumbani kwao walimmalizia maneno ili mazungumzo yaendelee. Alisimama, neno likakwama. Mwalimu Yeremia hakumsaidia, wala hakumkemea, wala hakutazama pembeni. Alisubiri. Na darasa zima lilisubiri, watoto wadogo wale, hakuna aliyecheka, mpaka neno likatoka, na lililofuata likatoka upesi kidogo. Nilitambua kwamba hawakuzaliwa wakijua kusubiri hivyo. Kuna mtu aliyewafundisha, na haikumchukua siku moja. Jioni nilimwona mwalimu huyo huyo, na tai yake, akimvusha mtoni mgongoni mtoto mwenye jipu mguuni. Hakujua kwamba nipo.

Kisha tukashuka Shule ya Chini. Huko hakuna aliyefagia. Kuku walikuwa darasani, na nadhani baadhi yao walikuwa wameanza kuelewa. Nikamsalimu Mwalimu Saidi, akaitikia, akaniuliza kama nimekuja kusoma au kutazama. Nikasema kutazama. Akasema hapa hakuna anayetazama, akanipa kibao na chaki, akaniketisha na watoto wa darasa la pili.

Akauliza hesabu ya mikungu ya ndizi, ya kugawia nyumba kadhaa na mingine kuoza njiani. Mimi ninayeuza ndizi Arusha tangu ujana wangu niliandika jibu kwa madaha. Akaja, akalitazama, akamwita mvulana mmoja mdogo aje anieleze nilipokosea. Mvulana alinieleza kwa upole sana, kwa punje za kahawa, akinipangia sakafuni mpaka nikaona. Nilikuwa nimesahau kuozesha. Kilichonishangaza ni kwamba hakujua jibu tu, alijua na sababu yake, na alipomaliza aliniuliza kama nimeelewa kweli au namridhisha. Na wewe, Eliamani, uliyekuwa unalala kule juu, huku ulikuwa umepiga magoti sakafuni, umejitengea punje zako, unagawa. Niliposema tuondoke ulilia.

Na kusilimishwa je? Ulipofika wakati wake wa kusali, Mwalimu Saidi alitoka nje akasali nyuma ya shule peke yake, akarudi. Saa ya dini aliwaambia watoto wa Kilutheri wakariri amri zao na maelezo yake. Walipokosea aliwasahihisha. Alikuwa amezisikia mara nyingi kiasi kwamba alizijua kuliko wao, na nisiseme alizijua kuliko nani mwingine, maana nimeolewa na mzee wa kanisa.

Lakini mtoto aliyechelewa alichapwa, na alichapwa vibaya, bila kuulizwa. Kila asubuhi mvulana mmoja ambaye nguo zake zilikuwa zimelowa umande mpaka kiunoni aliingia wa mwisho, akanyoosha mkono mwenyewe kabla hajaambiwa. Sikupenda kuona mkono unanyooka vile. Na siku ya soko nilipofika, mwalimu hakuwapo. Alikuwa amekwenda Arusha, kama kila siku ya soko, na watoto walikuwa shambani kwake wakipalilia, kwa mistari iliyonyooka sana. Nikamwuliza mmoja leo wanasoma nini.

"Mahindi," akanijibu.

Jumapili hiyo nilisimama kwenye nyasi za kanisa nikasema yote, kama nilivyokuandikia hapa. Nilisema ya Anasia na majina yake, na ya mtoto wa Ndelilio na neno lake. Nilisema ya punje za kahawa, na ya fimbo, na ya mahindi. Nilipomaliza mshili akaniuliza, sasa ipi ni nzuri? Nikasema inategemea mtoto wako anahitaji nini, na wewe utaweza kuvumilia nini. Wakanung'unika. Mmoja akasema hawakunituma nikalete maswali mengine, yale waliyokuwa nayo yalitosha.

Ukasambaa basi ule mkutano, na kila mtu akaondoka na kipande alichokipenda. Mtu wa Shule ya Juu aliondoka na mahindi na fimbo. Mtu wa Shule ya Chini aliondoka na sala ya hesabu. Kufikia Jumatano nilisikia kwa masikio yangu, kwenye mfereji, kwamba Mama Nderingo amesema Mwalimu Yeremia hajui kusoma na anaazima wasichana, na kwamba Mwalimu Saidi anawauza watoto sokoni pamoja na mahindi. Hakuna hata mmoja aliyeondoka na mtoto wa Ndelilio. Hakuna aliyeondoka na punje.

Alhamisi alasiri walimu wote wawili walikuja nyumbani, kila mmoja kwa njia yake, wasijue kwamba mwenzake anakuja. Walikutana mlangoni petu. Hawakuwa wamewahi kuzungumza, ingawa walifundisha watoto wa baba mmoja na mama mmoja. Nilikuwa na benchi moja tu, na benchi lile unalijua, mtu mmoja akiinuka wa pili anaanguka. Wakaketi, mmoja kila ncha, wamenuna, na kila mmoja amemshikilia mwenzake bila kutaka. Nikawapa loshoro. Mtu mwenye bakuli la ndizi na mtindi mikononi hawezi kukasirika kwa ukamilifu.

Mwalimu Yeremia akaanza, kwamba nimewaambia watu hajui kugawanya. Nikakubali, nimesema. Kisha nikamwuliza kama aliyemletea habari hiyo alimletea na ya mtoto wa Ndelilio, jinsi anavyosubiriwa na darasa zima amalize neno lake, na kwamba nilisema sijaona mwalimu wa namna hiyo. Akaacha kula.

"Hilo hakuna aliyeniletea," akasema.

"Mimi nimeletewa la mahindi tu," akasema Mwalimu Saidi.

Basi nikawaeleza yote tena, polepole, kila mmoja akisikia yake na ya mwenzake, mazuri na mabaya, bila kuruka. Haikuwa rahisi. Kumsema mtu mkutanoni ni kazi nyepesi, lakini kumwambia akiwa ameshika kijiko chako ni jambo lingine. Nilipofika kwenye sala ya hesabu, Mwalimu Saidi alijaribu kutocheka mpaka benchi likatetemeka. Halafu akageuka, akamwuliza mwenzake kwa sauti ya kawaida kabisa ni hesabu gani iliyomkataa. Mwalimu Yeremia akamtajia. Mwalimu Saidi akaomba kahawa, nikamletea kikapu, akapiga magoti pale sakafuni na kanzu yake, akaanza kupanga. Alipoinuka hivyo ghafla, Mwalimu Yeremia alianguka na benchi, na tai, na loshoro. Akaona ni afadhali abaki huko huko chini atazame hesabu.

Wakiwa sakafuni Mwalimu Yeremia naye akauliza swali lake. Akauliza kama anamjua yule mvulana anayechelewa kila siku. Mwalimu Saidi akasema anamjua, ni mvivu. Mwalimu Yeremia akamwambia mama wa mtoto huyo ni mgonjwa, hainuki kitandani, na mtoto hushuka kwanza mfereji wa mbali kumtekea maji, humpikia, humwosha, ndipo huja shule. Hakusema kwa kumshutumu. Alisema kama unavyomwelekeza mtu njia.

Mwalimu Saidi alikuwa na punje mkononi. Aliziweka chini. Mimi nilijitia kupuliza moto.

Baba yako aliporudi aliwakuta walimu wawili wamelala kifudifudi sakafuni kwake, mmoja mwenye loshoro mpaka sikioni, wanabishana juu ya kahawa yake ambayo ilikuwa iende kuuzwa chama cha ushirika kesho yake. Aliwasalimu, akatoka, akaingia tena, kama mtu anayehakikisha kwamba ile ni nyumba yake.

Sitakuambia kwamba baada ya hapo mambo yote yalinyooka. Yule mvulana hakuchapwa tena kwa kuchelewa, hilo ni kweli. Mwalimu Saidi aliendelea kwenda sokoni, ila alisubiri mpaka mchana, na mahindi aliyapalilia mwenyewe, vibaya. Mwalimu Yeremia alianza kushuka Shule ya Chini kila Jumamosi kujifunza kugawanya. Kwa kuwa aliona aibu, alibeba kitabu cha nyimbo, na waliomwona wakatangaza kwamba Mwalimu Saidi anabatizwa. Wengine, waliomwona akitoka bila viatu kwa sababu ya tope, wakatangaza kwamba Mwalimu Yeremia amesilimu. Mchungaji alipata shida sana mwaka ule. Na watu wengine, wachache, walianza kufanya nilichofanya mimi. Wakaenda wenyewe, wakakaa nyuma darasani asubuhi nzima. Baadhi yao waliwekwa darasa la kwanza.

Wewe tulikupeleka Shule ya Chini. Baba yako hakutaka. Tulilala tumepeana migongo kwa majuma mawili. Wazee wenzake walimwita, wakamwuliza inakuwaje mtoto wa mzee wa kanisa aende kwa Saidi. Nilijua atanirushia mimi lawama, na nilikuwa nimeshajiandaa. Lakini Anasia alikuwa anafagia kanisani akasikia, akaniletea maneno yake yote. Baba yako aliwaambia: "Ninyi na mimi tumesikia. Mke wangu ameona." Walimpumzisha kuchukua kapu la sadaka msimu mzima. Hajaniambia kamwe kwamba alisema hivyo, na wewe usimwambie kwamba najua. Ana aibu ya kusifiwa kuliko ya kulaumiwa.

Na ilikugharimu, mwanangu. Hesabu ulipata, na sasa unaona zimekufikisha wapi. Lakini mwaka wa pili ulirudi siku moja kiganja kimevimba, kwa kosa la kuongea. Nilishuka jioni ile ile. Nilimwambia Mwalimu Saidi kwamba nilipokuleta kwake nilijua habari ya fimbo yake, na ndiyo sababu nimekuja kabla kidonda hakijapoa. Tulikwaruzana hadi jua likazama. Hakukupiga tena kiganjani. Jambo hilo nimelifikiria mara nyingi. Ningekuwa nimeambiwa mazuri yake tu, ningedhani kosa ni lako. Ningekuwa nimeambiwa mabaya yake tu, nisingekupeleka. Kwa kuwa nilijua yote mawili, nilijua mlango gani wa kwenda kuugonga na niseme nini.

Kuimba hukujifunza. Hilo nalo nilijua, nikalikubali, na kanisa zima limelibeba pamoja nasi. Nderingo ndiye anayeimba, huko mjini kwa fundi Singasinga, akipiga randa, na anasema wateja hurudi kwa ajili ya besi yake. Kusoma alijifunza kwako, mkiwa mmelala chini ya migomba mkidhani siwaoni. Hakuwahi kumwambia mtu.

Sasa wewe ndiye utakayesimama mbele. Watu watakuja kukutazama, na siku hiyo utatamani kuwapaka watoto mafuta na kumsimamisha mmoja mara tatu. Nakuelewa, ningetamani na mimi. Lakini mzazi akikuuliza mtoto wangu anaendeleaje, shule yako ikoje, mwambie lililopo, lile linalokupendeza na lile linalokuaibisha, kwa sauti ile ile. Atakasirika kidogo. Baadhi yao watakwenda na kipande. Mwambie hata hivyo, na mkaribishe aingie akae. Na wewe ukisikia watu wanamsema mwalimu mwenzako, waulize waliona wapi.

Mvua imepungua, na nasikia mbwa wa bibi yako wanakusindikiza. Nimalizie upesi.

Jana nilikwenda kusaga, nikamkuta mke wa Isaka, yule aliyeolewa juzi juzi tu, tumbo lake likiwa limefika mbele yake mashineni. Ananiambia, shikamoo Mama Nderingo, nasikia Eliamani anakwenda chuo. Akirudi mwalimu, atakuwa mwalimu mzuri? Maana nataka mtoto huyu nimpeleke kwake. Nikamtazama. Mtoto bado yuko tumboni.

Nilifikiri kwanza, kwa sababu nilikuwa nimeulizwa na mzazi. Nikamwambia una subira na mtu asiyeelewa, na unapoeleza jambo hata mzee anataka kurudia shule. Nikamwambia pia kwamba kuamka mapema ni vita kwako, kwamba ukikasirika unanyamaza siku mbili na mtu hajui kosa lake, na kwamba mtoto wake asitegemee kuimba. Nikamwambia wewe ni mwanangu, kwa hiyo yale mazuri ayapunguze kidogo.

Akashikilia tumbo lake, akanitazama kwa huzuni, akasema ningeweza kumwambia tu kwamba utakuwa mzuri.

Nikamwambia ningeweza. Kisha nikambebea unga wake mpaka kwao, na njia nzima aliendelea kuniuliza habari zako.

Ni mimi mama yako, ninayekupenda pamoja na kunyamaza kwako kwa siku mbili,

Mama Nderingo